Kuogelea kwa Utulivu

Katika somo lililotangulia tulijifunza kwamba vitu vingine huelea majini na vingine huzama. Je, mwili wa binadamu huelea au huzama? Jibu lategemea sana hewa iliyomo mapafuni. Tufanye jaribio.

Jaribio

Vifaa: chupa mbili za plastiki zilizo sawa, zenye vifuniko, mchanga, ndoo ya maji.

1. Funga chupa ya kwanza bila kutia kitu ndani.
2. Jaza mchanga katika chupa ya pili, kisha uifunge.
3. Tia chupa zote mbili ndani ya ndoo. Unaona nini?
4. Kandamiza chupa ya kwanza kwa mkono. Unahisi nini?

Chupa ya mchanga huzama. Chupa ya kwanza huelea, nawe unapoikandamiza maji huisukuma juu. Chupa hiyo si tupu, imejaa hewa. Mapafu yako ni kama chupa hiyo. Mapafu ya mtu mzima huweza kuchukua lita 4 hadi 6 za hewa. Yanapojaa, watu wengi huelea. Hewa inapopungua, mwili huanza kuzama.

Hofu na pumzi

Mtu aliyeshikwa na hofu majini hupiga kelele na kuinua mikono. Kelele hupunguza hewa mapafuni. Mikono iliyo nje ya maji haibebwi tena na maji, hivyo uzito wake hukididimiza kichwa.

Mwogeleaji hodari huiangalia pumzi yake. Uso ukiwa majini, hutoa hewa polepole. Kisha hugeuza kichwa upande na kuvuta hewa kwa kinywa. Hulegeza shingo na mabega. Akichoka, hulala chali, masikio yakiwa majini, akatanua mikono na kupumua taratibu mpaka nguvu zimrudie.

Maarifa haya ni ya lazima. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji. Kati ya kila watu 10, zaidi ya 4 walikuwa watoto wa chini ya miaka 15.

Faida kwa afya

Kuogelea huimarisha moyo, mapafu na misuli, na huituliza akili. Aidha, maji hubeba uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 30 akisimama katika maji yanayomfika shingoni, miguu yake hubeba kama kilo 3 tu. Kwa hiyo hata mzee mwenye maumivu ya magoti huweza kuogelea. Anayejifunza utotoni hupata mazoezi ya maisha yote.

Tahadhari

1. Usiogelee peke yako. Awepo mtu mzima ajuaye kuogelea.
2. Jifunze mahali ambapo maji hayapiti kifua chako.
3. Usishindane na wenzako kuzuia pumzi chini ya maji, waweza kuzimia.
4. Usiingie katika maji yaliyotuama yenye konokono. Huenda yana vijidudu vya kichocho.
5. Ukimwona mtu anazama, usimrukie. Ita msaada, kisha mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa au ubao.

Maswali

1. Kwa nini dumu tupu lililofungwa huweza kumwokoa mtu?
2. Eleza kwa nini kuinua mikono hovyo majini ni hatari.
3. Hesabu mara unazopumua kwa dakika 1 ukiwa umeketi, kisha baada ya kukimbia. Andika tofauti uliyoiona.