Matofali ya Kuchezea: Kuyapima, Kuyakusanya na Kuyataja kwa Kiswahili

Kwa kawaida kurasa hizi huwa za methali, ngeli na mashairi. Nami mwaka huu nimepiga moyo konde nikaona niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona la kitoto, yaani matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayoitwa LEGO, pamoja na vijisanamu vyake. Najua kuna watakaocheka. Wacheni wacheke. Mimi jambo hili lilinigharimu, na ndiyo maana nikalisoma.

Sikuanzia dukani, kwani dukani seti moja tu ingemaliza karo ya mtu. Mama yangu huuza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba, nami Jumamosi humsaidia kukunjua na kupanga. Nilipokuwa darasa la sita, jirani yake kibandani alifungua gunia la vichezeo. Wateja wa kamera, wale wanaorauka kuchagua vilivyo bora, walikuwa wamekwisha kupita. Kilichobaki ni chini ya gunia: magari bila magurudumu, wanasesere bila nywele, na mfuko wa matofali ya kila rangi uliojaa vumbi na mchanga. Nikamlilia mama, mama akaukata bei ukakatika. Nyumbani nikaumwaga ndani ya karai la maji na sabuni, na katikati ya takataka zile akaibuka mtu mdogo mwekundu, mwanaanga, amevaa kofia ya anga iliyokatika kidevuni. Kifuani alikuwa na alama ya dhahabu ya sayari, imefutika nusu.

Sikujua ni nani. Wiki mbili baadaye mwenzangu darasani alileta mashujaa watano wanaong'aa kama sahani mpya. "Watano kwa mmoja, na huyo wako kofia imevunjika!" Aisee, nani angekataa? Nikatoa mwekundu, nikachukua watano. Kabla ya mwezi kwisha wawili walikuwa hawawezi kusimama, miguu imelegea kama ya mlevi. Mmoja uso ulifutika kwa jasho la mkono wangu. Wa nne mkono ulichomoka ukakataa kurudi. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: hivi vitu ni nini hasa, na kizuri hujulikanaje?

Turudi nyuma kidogo. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, nchini Denmark. Mwaka 1932, uchumi wa dunia ukiwa umedorora na kazi za ujenzi zimekauka, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao. Mwaka 1934 akavipa jina LEGO, lililofinyangwa kutokana na maneno mawili ya Kidenmaki, leg godt, yaani "cheza vizuri". Mwaka 1942 karakana iliteketea, akaijenga upya. Tofali la plastiki lilitoka mwaka 1949, na hapa lazima niseme kweli: wazo hilo halikuwa lake. Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa amelitangulia kwa matofali yake ya Kiddicraft, na yale ya Billund yalifuata mfano huo. Wapenzi wengi wa LEGO hupenda kuruka ukurasa huu.

Lakini matofali yale ya kwanza yalikuwa matupu kwa ndani. Ukiyapanga yanashikana kwa shida, ukiinua nyumba yako inamwagika. Dawa ilipatikana mwaka 1958. Tarehe 28 Januari, Godtfred, mwana wa Ole Kirk, aliwasilisha ombi la hataza kwa tofali lenye mirija ndani yake. Chukua tofali la nane, lile lenye vinundu viwili kwa vinne, uligeuze. Utaona mirija mitatu. Ukilibandika juu ya jingine, kila kinundu cha chini hubanwa mahali patatu. Cha pembeni hubanwa na kuta mbili na mrija mmoja, cha katikati hubanwa na ukuta mmoja na mirija miwili. Hiyo ndiyo siri yote. Haihitaji gundi wala msumari, ila vipimo lazima viwe vikali mno, maana kosa la nusu ya unene wa unywele lingetosha kulifanya likatae au liteleze. Kutoka kitovu cha kinundu kimoja hadi cha pili ni milimita 8. Kimo cha tofali bila kinundu ni milimita 9.6. Na tofali la mwaka 1958 bado linashikana na lililotengenezwa juzi.

Sasa, sisi ni Chama cha Kiswahili. Kitabu cha maelezo kinachokuja na seti hakina sentensi hata moja ya kukuongoza. Ni picha tupu, hatua baada ya hatua. Mtoto wa Billund na wa Eastleigh wote wanakisoma sawa. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyetupa maneno. Nimesikia wenzangu wakisema "hicho kidude chenye vidude". Jamani! Kwa hiyo katika makala haya nimetumia kinundu kwa kile kilichochomoza juu (kuna neno jingine lililopendekezwa bwenini ambalo mhariri hataliruhusu), mrija kwa kile cha ndani, na bapa kwa kipande chembamba ambacho vitatu vyake vikipandana hutimiza kimo cha tofali moja. Yule mtu mdogo nimemwita kijisanamu, na hapo tukabishana sana: tuseme "kijisanamu hiki kimeanguka" au "huyu ameanguka"? Mimi kikiwa sandukuni ni hiki. Kikishaingia mchezoni ni huyu. Walimu watatusahihisha.

Wenye kupenda hisabati washike kalamu. Matofali mawili ya nane, rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia ngapi? Wengi husema kumi, au kumi na mbili. Tuhesabu. Yakilala upande mmoja, la juu linaweza kusogezwa mahali 3 kwa upana na 7 kwa urefu, ndiyo 21. Likigeuzwa lilale kingamo, linapata mahali 5 kwa 5, ndiyo 25. Jumla 46. Lakini ukizungusha meza nusu mzunguko, nyingi kati ya hizo zinageuka kuwa zile zile ulizokwisha kuhesabu. Ni 2 tu zinazobaki kama zilivyo: pale yanapofunikana sawasawa, na pale yanapokutana msalaba katikati. Kwa hiyo 44 unazigawa kwa mbili unapata 22, ongeza zile 2, jibu ni 24. Matofali matatu hutoa njia 1,060. Sita je? Kampuni yenyewe kwa miaka mingi ilitaja 102,981,500, hesabu ya mwaka 1974, lakini hiyo ilikuwa ya minara tu, kila tofali juu ya mwenzake. Mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, alipohesabu njia zote kwa kompyuta alipata 915,103,765. Nilipomwonyesha mama, alisema, "Na wewe umezijaribu ngapi kabla ya kuosha vyombo?"

Vijisanamu vina historia yao. Mwaka 1975 vilitoka vya kwanza vidogo, lakini vilikuwa kama mawe, havina uso, na mikono na miguu haisogei. Mwaka 1978 Jens Nygaard Knudsen na wenzake walitoa hiki tunachokijua, chenye shingo inayogeuka, miguu inayokunjika na kiganja cha kushika. Kimo chake bila kofia ni matofali manne, takriban sentimita 4. Rangi ilichaguliwa ya manjano ili asiwe wa kabila lolote duniani, na uso ulikuwa mmoja kwa wote, nukta mbili na tabasamu. Polisi anatabasamu, muuguzi anatabasamu. Mwaka 1989 walipokuja maharamia ndipo zikaonekana ndevu na kiraka cha jicho. Mwaka 2003 vijisanamu vya wachezaji wa mpira wa vikapu wa Marekani vilitolewa kwa rangi za ngozi za watu wa kweli, na hapo kwa mara ya kwanza kukawa na wanaofanana na mimi. Mimi binafsi sina hata mmoja wa hao.

Na mwanaanga wangu? Wekundu na weupe walitoka mwaka 1978, wa manjano wakafuata mwaka 1979, wa bluu na weusi mwaka 1984. Kofia za wale wa mwanzo zilikuwa nyembamba kidevuni, zikikatika ovyo, hata ikabidi baadaye ziundwe nene zaidi. Kumbe ule ufa niliouonea haya ndio uliokuwa cheti chake cha kuzaliwa! Nilipogundua hilo nililala bila kula.

Basi kiutambueje kilicho halisi? Tazama kila kinundu: jina la LEGO limechorwa juu yake kwa herufi ndogo. Kijisanamu kivue kichwa, utalikuta jina juu ya shingo. Kisha kisimamishe, kikunje miguu mara kumi, kisimamishe tena. Sugua uso kwa kidole kikavu. Mwisho bandika tofali juu ya mwenzake, uligeuze chini juu ulitikise. Ila msichanganye mambo mawili. Hataza huisha muda wake, na zile za LEGO zilikwisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kufungiwa kama alama ya biashara, kwa kuwa umbo hilo ni kazi, si urembo. Kampuni nyingine zinatengeneza matofali yanayoshikana na yale, kwa jina lao wenyewe, na hakuna wizi hapo. Vijisanamu ni kesi tofauti. Umbo lake liliendelea kulindwa mahakamani mwaka 2015. Bandia ni kile kinachojifanya kuwa kingine, kama wale mashujaa wangu watano.

Kupima seti ni kazi nyingine. Watu hugawa bei kwa idadi ya vipande na kusema rahisi au ghali. Njia hiyo inadanganya, maana kinundu kimoja kilichokatwa na tofali la nane vyote huhesabiwa kipande kimoja. Nitawapa mfano wa seti pekee niliyowahi kupata mpya, zawadi ya shangazi: dinosaria, namba 31058, ya mwaka 2017. Vipande 174 tu. Ni sanduku dogo hata nikasikitika. Lakini vipande vile vile vinatoa wanyama watatu, mla nyama mkubwa wa kijani, mwenye pembe tatu, na yule arukaye. Viungo vya miguu na mkia vina vichwa vya mviringo vinavyokaa popote unapovisukuma, kwa hiyo mnyama anaweza kuinama, kugeuka, kufunua mdomo. Dosari zipo. Huwezi kuwa na wawili kwa wakati mmoja, na yule wa kuruka huacha vipande vingi mezani. Lakini mimi nimeijenga zaidi ya mara thelathini, nayo bado inabana. Hicho ndicho kipimo changu: siku ya pili baada ya kuimaliza, je, unataka kuivunja uanze upya? Ile ngome ya manjano ya mwaka 1978, yenye vipande 767 na vijisanamu 14, ningeipenda kwa hao askari. Ya kutazamwa tu kabatini hainihusu.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Osha kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, si ya chai. Usiweke dirishani. Nyeupe zangu nilizoziacha juani mwaka mzima zimegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Panga kwa umbo kabla ya rangi, kwa sababu jicho huona rangi upesi hata kwenye rundo, lakini umbo hujificha.

Likizo ya Agosti nilifunga safari hadi kwa yule mwenzangu wa darasa la sita, nimebeba kopo la matofali arobaini, yote halisi, niliyoyachagua moja moja. Nilitaka mwekundu wangu. Aliniambia hana habari naye, ni wa mdogo wake siku hizi. Mdogo wake, mtoto wa miaka mitano hivi, alikuwa barazani. Alikuwa na matatu iliyotengenezwa kwa pakiti ya maziwa, vifuniko vya soda ndiyo magurudumu, na mbele, ndani ya tundu lililokatwa kwa wembe, ameketi mwanaanga. Kofia haipo tena. Alama ya sayari imekwisha kabisa.

Nikachuchumaa nikamfungulia kopo. Akayatazama matofali, akachukua moja jekundu, akalirudisha.

"Tubadilishane," nikasema. "Haya yote kwa huyo mmoja."

"Huyu ni dereva," akanijibu, kana kwamba mimi sielewi Kiswahili. "Nikikupa, nani ataendesha?"

Nikakaa kimya. Akachungulia tena ndani ya kopo, akauliza, "Kaka, huna usukani?"

Nilikuwa nao mmoja, mweusi, chini kabisa. Nikamtafutia. Akaupachika mbele ya mikono ya dereva wake, akaipiga pakiti kofi ubavuni mara mbili, akaniambia nisogeze miguu, gari linaondoka.