Kiatu Mezani: Somo Juu ya Picha ya Chaplin

Muhula huu tulionyeshwa ukumbini picha ya sinema ya kale iitwayo The Gold Rush, yaani mbio za kuifuata dhahabu. Mtengenezaji wake ni Charlie Chaplin, naye ndiye mchezaji mkuu. Ilitoka mwaka 1925. Ni picha isiyo na sauti, ingawa mwaka 1942 Chaplin aliitoa tena akitia muziki na maelezo kwa sauti yake mwenyewe. Wadogo zetu walicheka hata machozi. Nami nilicheka, lakini yafaa tutazame tulichokicheka, kwani kilikuwa njaa.

Asili ya hadithi si mzaha. Mwezi wa Agosti 1896 dhahabu ilionekana Klondike, kaskazini ya Kanada, na watu kama 100,000 wakafunga safari: makarani, wakulima, vibarua. Polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kupita asipokuwa na chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vyombo, mzigo ulikaribia tani moja. Basi mtu aliupanda mlima wa Chilkoot mara nyingi, furushi baada ya furushi. Wengi hawakufika, na waliopata dhahabu ni elfu chache tu. Msururu ule wauona mwanzo wa picha, watu weusi kama siafu juu ya theluji. Chaplin alikusanya mamia ya maskini, akawalipa kuipanda milima ya California. Nadhani ujira wao ulikuwa wa hakika kuliko wa wachimbaji wenyewe!

Sasa tuje kwenye kiatu. Charlie na Big Jim wamefungiwa kibandani na tufani, chakula kimekwisha. Charlie achemsha kiatu chake, akipakua kwa adabu kama mpishi wa hoteli. Big Jim abadilisha sahani ili apate sehemu iliyo bora. Charlie abakiwa na soli. Azizungusha kamba katika uma kama tambi, afyonza misumari kama mifupa ya kuku. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi.) Ondoa adabu ile, nawe hutacheka tena. Chaplin alizaliwa London mwaka 1889, na utotoni alipata kulala katika nyumba ya maskini, njaa hakuhadithiwa.

Baadaye Big Jim azidiwa, amwona mwenzake kuwa kuku mkubwa, amkimbiza amle. Hapa ndipo picha hupita kitabu cha historia, kwa maoni yangu: dhahabu haijachimbwa bado, na rafiki amekwisha kuwa kitoweo.

Wako wenzangu wanaoilaumu kwa kuwa mwishoni hao wawili huwa matajiri. Lakini angalieni jinsi wanavyoupata. Big Jim aligundua mgodi, akapigwa kichwani kwa sepetu na mwizi Black Larsen, akasahau ulipo. Amhitaji Charlie amwonyeshe kibanda tu. Usiku upepo wakipeperusha kibanda hata ukingo wa genge, na hapo hapo ndipo penye mgodi. Charlie hakuchimba hata kidogo.

Katika meli ya kurudi amevaa makoti mawili ya manyoya. Aona kipande cha sigara sakafuni, ainama kukiokota.