Dawa ya Kuacha Sigara Ikikuchafua Tumbo

Baadhi ya wanaoandikiwa vareniklini huiacha dawa kabla ya kuiacha sigara, na mkosaji mkubwa ni kichefuchefu. Katika watu 10, kama 3 hivi hukipata. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kasoro iko kwenye kumeza tu: kidonge alfajiri, tumbo tupu, funda moja la maji. Kula kwanza, uji na mhogo au chapati na chai, kisha meza kwa glasi nzima ya maji. Cha jioni kifuatishe chakula cha usiku, na ule mapema, maana dawa hii huleta ndoto kali na kukatisha usingizi.

Dozi hupanda kwa hatua: miligramu 0.5 mara moja kwa siku, siku 3 za mwanzo. Mara mbili, siku ya 4 hadi ya 7. Kisha miligramu 1 mara mbili mpaka wiki 12 zitimie. Ikipanda ukazidiwa, rudi kwa daktari aipunguze. Usiitupe.

Bupropioni, dawa nyingine ya kuacha sigara, hukausha kinywa na kufukuza usingizi. Vidonge viwili vya siku vipishane saa 8 au zaidi. Usivitafune wala kuviponda: vimetengenezwa vitoe dawa taratibu, na ikitoka yote kwa mkupuo, hatari ya degedege hupanda. Mwenye kifafa, au mlevi aliyeacha pombe ghafla, hii si dawa yake. Mwambie daktari hata asipouliza.

Hasira, njaa na kukosa utulivu usizisingizie dawa haraka. Nyingi ni arosto ya nikotini, na hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Marekani iliweka onyo zito kuhusu akili kwenye dawa hizi mwaka 2009, ikaliondoa 2016 baada ya utafiti wa watu zaidi ya 8,000. Hata hivyo, ukiwaza kujidhuru, uso ukivimba au ngozi ikitoka malengelenge, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna jambo husahaulika sana. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe haraka theofilini, dawa ya pumu. Ukiacha kuvuta, theofilini hubaki nyingi mwilini, moyo ukaenda mbio na mikono ikatetemeka. Kama unaitumia, mjulishe daktari tarehe uliyopanga kuacha sigara, aipange dozi upya mapema.