Mafuta, Shahamu na Lipidi: Kemia ya Mayai ya Wanyama wa Gamba na Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza kemia ya mayai ya wanyama wa majini wenye gamba. Mifano imeteuliwa kutoka kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Ziwa Viktoria lina kombe, konokono na kamba mdogo aitwaye ochong'a kwa Dholuo (Caridina nilotica). Kamba huyu hunaswa pamoja na omena, huanikwa, kisha hutumiwa katika chakula cha mifugo. Hoja yetu ni kwamba neno mafuta, licha ya upana wake, haliwezi kuubeba uwanja huu peke yake.

2. Akiba na Utando

Ochong'a jike hubeba mayai chini ya tumbo hadi yaanguliwe. Konokono wengi wa ziwani hutaga yao ndani ya ute unaonata kwenye mimea. Kiinitete hutegemea akiba iliyomo yaini. Sehemu ya akiba hiyo ni trigliseridi, ambazo huvunjwa kutoa nishati. Sehemu nyingine ni lipidi za utando, zikiwemo fosfolipidi, zinazozingira kila seli mpya. Kundi la kwanza ndilo mpishi wa Mbita au Muhuru analoliona likielea juu ya mchuzi na kuliita mafuta. Kundi la pili halielei mchuzini, wala lugha ya jikoni haina jina lake.

3. Uchanganuzi

Ili kuzitenga lipidi, mayai husagwa katika mchanganyiko wa klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2:1, mbinu iliyoelezwa na Folch na wenzake mwaka 1957. Maji ya chumvi yakiongezwa, matabaka mawili hujitenga, na lipidi hubaki katika tabaka la chini. Baadaye kromatografia huzipanga kwa makundi.

Lipidi nyingi huvunjwa na alkali hafifu. Zile zinazosalia humshughulisha mkemia. Mwaka 1959 Horiguchi na Kandatsu wa Japani waligundua, katika protozoa waishio tumboni mwa kondoo, kampaundi ambamo fosforasi imeshikana na kaboni moja kwa moja, bila oksijeni kati yao. Katika miaka ya 1960 lipidi zenye muungano huo zilipatikana kwa kombe wa Ziwa Biwa, ziwa la maji baridi kama letu. Muungano huo hustahimili hata asidi kali inayochemka.

4. Tatizo la Istilahi

Mafuta hujumuisha ya taa, ya kupikia na ya kujipaka. Shahamu ni ya mnyama tu. Dholuo nayo ina mo, neno lenye upana unaokaribiana na wa mafuta. Hakuna hata moja linalotofautisha akiba na utando. Kwa hiyo tunapendekeza lipidi iwe jina la jumla, na mafuta yabaki kwa akiba.

Ugumu zaidi uko kati ya fosfolipidi na fosfonolipidi. Silabi moja tu, no, inabeba tofauti nzima ya kikemia. Msomaji asiyeelezwa ataidhani kosa la chapa. Istilahi ya pili itanguliwe na maelezo: lipidi ambayo fosforasi yake imeshikana na kaboni. Utohozi hutupa jina. Maelezo ndiyo hutupa maarifa.

5. Hitimisho

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nayo Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Migori au Homa Bay husomeshwa kemia kwa Kiingereza, ilhali ziwa analijua kwa lugha nyingine. Vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya vimo katika kaunti hizi. Wanaisimu wakae meza moja na wakemia na wavuvi, istilahi zijaribiwe ufuoni kabla ya kuingizwa kamusini. Istilahi isiyoeleweka na anayeanika ochong'a bado haijakomaa.