Ushauri wa simu au wa ana kwa ana: gharama iko wapi?



Mama mmoja wa huku Nyarero alikuja kwetu miezi mitatu baada ya kumzika mwanawe. Hakuwa akila wala kulala. Kijana wa nyumbani alimtafutia "mshauri" kwenye simu, wakatuma fedha, wakazungumza mara moja, kisha namba ikanyamaza. Akaniuliza, "Sista, kumbe ushauri nao unauzwa?"

Ndiyo, unauzwa. Mshauri nasaha aliyesoma anaishi kwa kazi yake. Tuangalie fedha zinakwenda wapi.

Mshauri wa ana kwa ana anauza saa yake, na saa hiyo hawezi kumsikiliza mwingine. Lakini kwetu mzigo mkubwa ni safari. Ukipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula, malazi na msindikizaji, tena shamba limebaki bila mtu. Na ushauri si sindano ya mara moja. Huhitaji vikao kadhaa.

Kampuni za intaneti hazina vyumba. Humkutanisha mgonjwa na mshauri, hutoza ada, na kumpa mshauri sehemu yake. BetterHelp ya Marekani, iliyoanza mwaka 2013, hutoza makumi ya dola kwa wiki. Kule huo ni unafuu, maana kikao kimoja cha ana kwa ana mara nyingi huzidi dola 100. Kwa mkulima wa Tarime ni ndoto.

Tena kuna bei isiyoandikwa. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliituhumu kampuni hiyo kuwapa Facebook na Snapchat habari za wateja wake kwa ajili ya matangazo, ingawa iliahidi kuzitunza. Ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa. Mimi hilo lilinishtua kuliko ada. Chuoni tulifundishwa kwamba siri ya mgonjwa hufa na muuguzi.

Je, simu haifai? Inafaa sana. Namba 116 ya kuwasaidia watoto, inayoendeshwa na C-Sema, mpigaji halipi kitu. Na aliyekwisha kuonana na mshauri hospitalini anaweza kumwomba waendelee kwa simu, akaokoa nauli.

Kabla ya kutuma fedha, uliza: jina lake kamili, amesomea wapi, anafanya kazi kituo gani, bei hiyo ni ya dakika ngapi. Asiyetaka kujibu, mwacheni. Lakini anayesema atajiua, au anayesikia sauti wengine wasizozisikia, msimwachie simu. Asibaki peke yake. Mleteni kituo cha afya, hata kama ni usiku.

Yule mama alikuja kila Alhamisi kwa wiki sita, mwendo wa saa moja kwa miguu. Wiki ya nne alisema amelala hadi jogoo akawika.