Waya Mrefu na Ukinzani Wake

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mliuliza juu ya lile jaribio la fizike. Tulitwaa waya wa nikromu, unene milimetri 0,4, tukaunyosha juu ya rula ya metri moja, tukapima volti na ampere. Volti tukazigawanya kwa ampere, tukapata ukinzani. Haya ni matokeo ya kundi moja:

Sm 20: omu 2,10
Sm 40: omu 3,85
Sm 60: omu 5,60
Sm 80: omu 6,40
Sm 100: omu 9,10

Mmoja alitaka kufuta ile 6,40 na kuandika 7,35, sababu ndiyo ingekaa vizuri kwenye mstari. Pointi angepata, lakini asingejifunza kitu. Tuliporudi kutazama, waya ulikuwa umejikunja, umefanya kitanzi na kujigusa. Umeme ulikata njia pale, haukuzunguka kitanzi. Ni kama waya wa sm 69 tu. Namba haikudanganya! Tulipokunjua waya, 7,35 ikatoka yenyewe.

Jambo la pili. Sm 40 ni mara mbili ya 20, lakini 3,85 siyo mara mbili ya 2,10. Kwa nini? Angalieni: kila sm 20 zinaongeza omu 1,75. Tukirudi nyuma mpaka urefu 0, zinabaki omu 0,35. Hizo ni za vibanio na nyaya za kuungia. Ziondoeni: 1,75 na 3,50, mara mbili kamili. Ndiyo kanuni: ukinzani unakua sawasawa na urefu, kama aina ya waya, unene na joto havibadiliki. Ohm mwenyewe, mwalimu wa shule kule Köln, Ujerumani, alipima nyaya za urefu mbalimbali kabla ya kutoa kitabu chake mwaka 1827.

Haya siyo mambo ya darasani tu. Hapa Uvira mtu anavuta umeme toka mbali kwa waya mwembamba, halafu anashangaa taa inafifia. Tuseme waya wa shaba wa milimetri mraba 0,5, nyumba iko metri 50. Umeme unaenda na kurudi: metri 100, omu 3,4. Pasi ikivuta ampere 5, volti 17 zinapotea njiani, na wati 85 zinapasha waya joto. Pale ulipofungwa vibaya, moto unaweza kuwaka. Anayezoea kutengeneza namba leo, kesho atafunga umeme nyumbani kwa mama yake namna gani?

Zoezi: Waya huo ukiwa wa milimetri mraba 1,5, volti ngapi zitapotea? Onyesheni hesabu yote, na msifute kitu.