Fahamu Haki Yako: Msimbo Chanzo wa Programu Huria

Msimbo chanzo ni maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa na mtaalamu. Bila hayo, ni vigumu sana kwa fundi kurekebisha programu.

Simu za Android na ruta nyingi za intaneti hutumia kiini cha Linux, kilicho chini ya leseni ya GPL, toleo la 2 la mwaka 1991. Leseni hii inaruhusu kutumia, kubadilisha na hata kuuza programu, kwa sharti moja kuu: anayesambaza nakala ampe mpokeaji msimbo chanzo, au ahadi ya maandishi ya kuutoa, inayodumu angalau miaka 3. Anayeibadilisha kwa matumizi yake pekee halazimiki.

Mwaka 2003, kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G baada ya kudaiwa. Kutokana nao ulizaliwa mradi wa OpenWrt, unaoziongezea maisha ruta ambazo watengenezaji wameacha kuzihudumia.

Mkazi, ukinunua kifaa, soma maelezo ya leseni kwenye kijitabu au mipangilio. GPL ikitajwa, mwandikie mtengenezaji uombe msimbo. Nawe ukiuza vifaa ulivyoviwekea programu hiyo, wajibu ni wako.